Kutuma maombi ya mapambano ya roboti ya runinga tukiwa Nairobi: tuanze na mchoro au na mashine?

Mwanagenzi wa Umoja aliuliza:

Hamjambo, wapenzi wa ufundi. Sisi ni vijana wanne ambao, tangu mwaka jana, tumekuwa tukikutana kila Jumamosi jioni katika karakana ya mmoja wetu huko Kariobangi Light Industries. Wawili tulisomea uhandisi wa mitambo, wa tatu hutengeneza simu na vipaza sauti katika barabara ya Luthuli, na wa nne, ambaye ndiye mwenye karakana, huchomelea malango na madirisha. Tumetazama misimu mingi ya BattleBots ya Marekani na Robot Wars ya Uingereza, na tumekata shauri kwamba siku moja tutaingia katika ulingo wa namna hiyo tukiwa na mashine iliyoundwa hapa Nairobi kwa mikono yetu.

Hadi sasa tumechora kwa kompyuta roboti ya uzito wa juu, yaani kilo 113, yenye bapa la chuma linalozunguka mbele yake. Mchoro umekamilika hadi bolti ya mwisho. Fedha tulizochanga ni shilingi 180,000, nasi tunajua kwamba hazifikii hata nusu ya gharama ya mashine ya ukubwa huo. Wazo letu lilikuwa kutuma maombi kwa mchoro peke yake, tukubaliwe, kisha tutumie barua ya kukubaliwa kuwaendea wafadhili. Mwenzetu wa Luthuli amelipinga wazo hilo kwa nguvu. Anasema kwamba hakuna mtu atakayewaamini watu ambao hawajawahi kuwasha roboti hata moja, na kwamba afadhali tujenge kwanza mashine ndogo. Tumebishana juu ya jambo hili kwa majuma matatu na kazi imesimama.

Ningependa kusikia kutoka kwa yeyote aliyewahi kuomba au kushiriki mapambano ya namna hii: je, mchoro peke yake unaweza kutosha? Tena, ikiwa tutakubaliwa, betri kubwa za lithiamu husafirishwaje kutoka hapa?

Kilo Moja na Nusu alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, mwenzenu wa Luthuli amesema kweli. Mimi sijawahi kuingia katika ulingo wa runinga, lakini nilipokuwa nikisoma Uingereza nilishiriki mara tatu katika mapambano ya roboti ndogo za kilo 1.5, na huko nilikaa meza moja na watu waliowahi kuomba nafasi katika vipindi vya runinga, waliokubaliwa na waliokataliwa pia.

Jiwekeni mahali pa mteuzi, yule anayechagua timu za kuingia katika kipindi. Ulingo umeshakodiwa, kamera zimeshafungwa, watazamaji wameshaketi, na hofu yake kubwa ni kwamba timu aliyoipangia pambano itafika na mashine isiyowaka. Kwa sababu hiyo, anaposoma maombi yenu anatafuta ushahidi kwamba watu hawa wakianza kazi huimaliza, na kwamba mashine yao ikivunjika wanaweza kuirudisha ulingoni kabla ya pambano linalofuata. Mchoro hauwezi kumwonyesha mambo hayo mawili hata ukiwa mzuri kiasi gani. Video ya dakika mbili, ambamo roboti ndogo inapigwa, inasimama, inafunguliwa mezani, inabadilishwa gurudumu na kurudi kupigana, inayaonyesha yote.

Nawaambia hivi kwa sababu pambano langu la kwanza lilidumu sekunde 11. Nilikuwa nimechora mahali pa betri, pa mota, pa kila nati, lakini sikuwa nimefikiria kitu cha kuishikilia plagi ya betri. Pigo la kwanza liliichomoa. Nilisimama nje ya ukuta wa plastiki nikisukuma vijiti vya rimoti mbele na nyuma, huku roboti yangu ikiwa imetulia tuli katikati ya uwanja bila mkwaruzo wowote, na mwamuzi akihesabu hadi kumi. Niliporudi mara ya pili nilikuwa nimeifunga plagi hiyo kwa mkanda wa plastiki wa kubania nyaya, kitu cha shilingi chache sana, na nilipigana dakika zote tatu. Nilishindwa kwa pointi. Lau ningetuma maombi ya runinga, video ya kushindwa huko ndiyo ningeitanguliza.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji wengi hulipuuza, nalo ni uendeshaji. Katika misimu ya karibuni ya BattleBots, kila mwamuzi amekuwa na pointi 11 za kugawa pambano linapomalizika bila mshindi wa wazi: 5 za uharibifu, 3 za ushambulizi na 3 za udhibiti. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya nusu ya pointi zinategemea jinsi mashine inavyoendeshwa. Mtu hawezi kujifunza kuiendesha roboti ambayo bado imo ndani ya kompyuta. Teueni mmoja wenu awe dereva, mmoja tu, kisha aiendeshe hiyo ndogo kila Jumamosi kati ya matofali mpaka vidole vyake vijue njia bila kuulizwa.

Kuhusu bapa lenu linalozunguka, fahamuni kwamba silaha ya aina hiyo inajulikana sana. Tombstone, iliyotwaa ubingwa wa BattleBots mwaka 2016, ilikuwa na bapa la namna hiyohiyo, na tangu hapo wengi wamelifuata. Mteuzi hataki kupanga roboti kumi zinazofanana katika msimu mmoja. Sisemi mliache, ila katika maombi yenu lielezeni lile ambalo ni lenu peke yenu. Ikiwa bapa hilo litafuliwa na mafundi wa jua kali kutoka katika chuma cha lori lililokwisha kazi, andikeni hivyo katika sentensi ya kwanza, wala msilifiche jambo hilo kana kwamba ni upungufu.

Kutoka mbali si kizuizi. End Game, roboti ya timu ya New Zealand, ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2020, na Minotaur ya kikosi cha chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro imeogopwa kwa miaka mingi. Wabrazili hao wamepigana katika madaraja mengi ya uzito, kuanzia roboti za kushika kiganjani, na wameandika mwongozo mrefu wa ujenzi ambao unapatikana bure kwenye intaneti. Usomeni wote, hasa sehemu za mota na feleji.

La mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote: vipindi hivi havina ratiba ya kudumu kama ligi ya mpira. Robot Wars ilianza BBC mwaka 1998, ikapotea kwa miaka mingi, ikarudi 2016, na kufikia 2018 ikasimamishwa tena. Msimu wa BattleBots ulioonyeshwa kuanzia Januari 2023 ulipigwa picha Las Vegas mwaka uliotangulia. Kabla ya kununua hata bamba moja la roboti ya kilo 113, hakikisheni kwamba upo msimu uliotangazwa unaopokea maombi. Tena someni kanuni za msimu huo wenyewe, kwa maana hata uzito hutofautiana: Robot Wars ya 2016 iliweka ukomo wa kilo 110, na mashine yenu ingekataliwa mizanini kwa kilo tatu. Roboti kubwa isiyo na msimu haina mahali pa kupigana, ilhali ile ndogo inaweza kupigana popote penye sanduku imara na mpinzani mmoja.

Mhunzi wa Kamukunji alijibu:

Vijana wangu, nimefua chuma Kamukunji kwa miaka 26, na mwanangu ndiye aliyenionyesha mapambano haya kwenye simu. Mambo ya maombi siyajui. Nitalizungumzia bapa.

Chuma bapa cha kawaida, kile cha kutengenezea malango, ni laini. Kikigonga chuma kingine kwa kasi mnayoitaka kitapinda, na kikipinda kitaivuruga mashine yote kwa mtikisiko. Wenye fedha hununua feleji ya kutengenezea zana, au mabamba magumu ya aina inayowekwa kwenye ndoo za mashine za machimbo ya mawe, na ukizunguka Industrial Area utaweza kuyapata kwa bei kubwa. Kwa roboti ndogo, springi ya lori, ile ya mabamba, inatosha. Ina kaboni ya kutosha kuifanya iwe ngumu ikipashwa moto na kuzimishwa, na wauza vyuma chakavu wanazo tele.

Lakini msichukue springi yoyote kwa kuitazama tu. Iguseni kwa grainda mahali penye kivuli na muangalie cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, chache, zisizopasuka. Springi nzuri hutoa cheche zinazopasukapasuka mwishoni kama vijiti vya mti wenye matawi mengi. Baada ya hapo tafuteni nyufa, kwa sababu springi iliyobeba mawe kwa miaka kumi huwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Mimi huisugua mpaka ing'ae, nikailaza katika mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikaipangusa hadi ikauke kabisa, kisha nikaipaka chaki nyeupe. Baada ya nusu saa, palipo na ufa mafuta hutoka nje na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Nimewahi kuipaka chaki springi iliyoonekana nzima kabisa, nikaona mistari mitatu. Hiyo haifai hata kwa patasi.

Mkishaikata na kuitoboa, ipasheni moto mpaka sumaku isishike tena, ongezeni moto kidogo, kisha izimisheni katika oili, si katika maji, maana maji huipasua. Tupa ya kunolea ikiteleza juu yake bila kuuma, imekuwa ngumu, lakini kwa wakati huo ni ngumu kama kioo na itavunjika kama kioo. Isugueni ing'ae, muipashe tena polepole mpaka rangi ya samawati itandae sawasawa, takribani nyuzi 300, muiache ipoe. Hapo imepata ugumu pamoja na uvumilivu.

Neno la mwisho ni kwa huyo kijana wa kuchomelea. Mwanangu, najua mkono wako unataka kuchomelea meno kwenye bapa, kwa sababu ndiyo kazi yako. Usifanye hivyo. Moto wa kuchomelea huharibu kazi yote niliyoeleza hapo juu, na kando ya mshono chuma hubaki dhaifu au huvunjika ghafla. Tumia bolti ngumu, na ikiwezekana meno na bapa viwe kipande kimoja.

Mwalimu wa Buruburu alijibu:

Mzee wetu wa Kamukunji ametufundisha vizuri, nami naomba niongeze hesabu ili hatari ieleweke. Chukueni sahani ya feleji yenye kilo 2 na kipenyo cha sentimita 30, izungukayo mara 6,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 94 kwa sekunde, ambazo ni karibu kilomita 340 kwa saa. Tazameni karatasi iliyobandikwa kwenye gurudumu la grainda ya inchi 9: imeandikwa mita 80 kwa sekunde, na huo ndio ukomo wake wa usalama. Nishati iliyomo ndani ya sahani hiyo inafika jouli 4,400, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoangushwa kutoka urefu wa mita tisa. Nishati hiyo yote inaweza kutoka kwa pigo moja, mahali padogo kama ncha ya kidole. Hata BattleBots, pamoja na ulingo wao uliofungwa pande zote, wameweka ukomo wa maili 250 kwa saa, yaani kilomita 400 hivi, kwa ncha ya silaha. Kwa hiyo silaha ya namna hiyo isiwashwe hata mara moja, hata kwa sekunde mbili za kujaribu, katika karakana iliyo wazi ambamo watoto wa jirani hupita.

Hata hivyo, sikubaliani moja kwa moja na ndugu Kilo Moja na Nusu. Ikiwa msimu umetangazwa na fomu haitozi ada, kwa nini wasiijaze sasa? Kule kujaza tu kutawalazimisha kujibu maswali ambayo hawajajiuliza: nani ni nahodha, mashine ikipinduliwa itafanya nini, vipuri gani vitabebwa. Wanafunzi wangu hujifunza zaidi kutokana na mtihani wa majaribio kuliko kutokana na juma zima la marudio.

Kilo Moja na Nusu alijibu:

Mwalimu, nakubali kwamba wajaze fomu hiyo kama zoezi, tena wakae nayo mezani kila Jumamosi. Ninachohofia ni kuituma. Watu wanaoendesha mambo haya ni wachache na wanajuana, na jina lililokuja mara ya kwanza na mchoro mtupu laweza kukumbukwa hivyo. Nisingependa vijana hawa watambulike kwa njia hiyo ilhali miezi sita ya kazi ingewafanya watambulike kwa nyingine.

Wakala wa Embakasi alijibu:

Mimi ni wakala wa kusafirisha mizigo kupitia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na nitalijibu swali la betri kwa sababu nimeona watu wengi wakizuiwa kwa jambo hili.

Hesabu inayotumika ni ya wati-saa: zidisheni volti kwa ampea-saa. Betri ya roboti kubwa yenye seli 12, volti 44.4 na ampea-saa 10, ni wati-saa 444. Abiria anaruhusiwa kubeba ndani ya ndege betri za akiba zisizozidi wati-saa 100 kila moja. Kati ya 100 na 160 atahitaji kibali cha shirika la ndege na hatapita na zaidi ya mbili. Ikizidi 160 haipandi na abiria kwa njia yoyote. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena katika ndege za abiria, bali huenda kwa ndege za mizigo tu, zikiwa zimechajiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 30, ndani ya kifungashio maalumu na pamoja na karatasi za mizigo hatari. Gharama yake inaweza kupita bei ya betri zenyewe. Ushauri wangu ni kwamba roboti isafiri bila betri, na betri zinunuliwe hukohuko mnakokwenda, za aina ileile mliyoifanyia majaribio hapa. Betri ya roboti ndogo ni jambo jingine kabisa: seli 4 za ampea-saa 0.85 hazifiki hata wati-saa 13, nayo itaingia katika mkoba wa mkononi, mradi ncha zake zimefunikwa kwa utepe wa kuhami umeme na haimo katika begi linalokwenda chini.

Jihadharini pia na kreti. Mbao mbichi haziruhusiwi kuingia katika nchi nyingi. Kreti inatakiwa iwe ya mbao zilizotibiwa kwa joto, nyuzi 56 ndani ya moyo wa ubao kwa dakika 30, na iwe na muhuri unaothibitisha hivyo. Hapa kwetu kazi hiyo inasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Nilimshuhudia mteja aliyetengenezewa kreti nzuri sana na seremala wa mtaani kwake, mbao nzito, bawaba za shaba, na mzigo wake ukarudishwa kutoka ng'ambo bila kufunguliwa kwa sababu ya muhuri huo tu. Alilipa nauli mara mbili.

Kabla ya kuondoka, tengenezeni orodha ya kila kifaa, pamoja na picha na namba za mota na rimoti, na maofisa wa forodha waihakiki hapa. Bila ushahidi huo, mtakaporudi mashine yenu wenyewe itaweza kuhesabiwa kama bidhaa mpya inayotozwa ushuru.

Na viza isiachwe mwisho. Pasipoti huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na hadi alama za vidole zichukuliwe katika ofisi za uhamiaji za Nyayo House na kijitabu kitoke, siku hupita. Kwa Marekani mahojiano hufanyika ubalozini Gigiri, na siku za kusubiri miadi haziko mikononi mwenu. Mnakumbuka mwaka 2017 jinsi wasichana wa Afghanistan walivyonyimwa viza mara mbili walipoalikwa katika mashindano ya roboti ya vijana mjini Washington, hadi wakaruhusiwa dakika za mwisho. Mwaliko peke yake hautoshi. Kila mmoja wenu awe na ushahidi wa kazi au masomo hapa nyumbani, na timu iwe tayari kupigana hata mmoja akikosa. Nauliza kwa nia njema: dereva akinyimwa viza, nani ataendesha?

Mwanagenzi wa Umoja alijibu:

Ndugu zangu na Mzee wetu, nimeyasoma majibu haya kwa sauti mbele ya wenzangu jana jioni karakanani. Yule wa Luthuli hakusema neno, alitabasamu tu na kwenda kututafutia chai. Tumekubaliana kwamba mchoro wa kilo 113 utakaa kwenye kompyuta, na kwamba tutajenga roboti mbili za kilo 1.5, si moja, ili zipigane zenyewe kwa zenyewe na tuwe na video. Swali la Wakala kuhusu dereva lilitunyamazisha sote, kwa hiyo tutakuwa na dereva na msaidizi wake, na kila mmoja ataendesha mashine moja.

Tuna maswali mawili yaliyobaki. Hilo sanduku la kupigania linatengenezwa kwa kitu gani? Duka moja la mabango hapa mjini limetuonyesha plastiki angavu ya milimita 5 kwa bei nzuri. Na je, kava ya roboti ndogo itengenezwe kwa mabati?

Kilo Moja na Nusu alijibu:

Msiinunue kabla ya kuijaribu. Maduka ya mabango huuza zaidi akriliki, ambayo ni angavu na nzuri lakini hupasuka na kuwa vipande vyenye makali. Mnachohitaji ni polikaboneti. Ombeni kipande cha pembeni, kifungeni kwenye jiliwa, mkipinde kwa nguvu mkiwa mmevaa miwani ya kukinga macho. Akriliki itavunjika kwa mlio, polikaboneti itapinda na kubaki imepinda. Masanduku niliyopigania kwa daraja la kilo 1.5 yalikuwa na kuta za polikaboneti nene kuliko hiyo milimita 5, zilizoshikwa ndani ya fremu ya chuma pande zote, na juu palifunikwa pia, kwa sababu kipande kilichong'oka hakichagui kwenda ubavuni. Sakafu iwe ya mbao nene. Fremu hiyo itakuwa kazi rahisi kwa mchomeleaji wenu, nayo itadumu hata baada ya roboti zote kuharibika.

Kuhusu kava, acheni mabati. Huchanika, na ukingo uliochanika hujikunja na kuyashika magurudumu yenu wenyewe. Nendeni kwa wauzaji wa vifaa vya bucha mkanunue ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Plastiki hiyo hunyonya pigo, hukatika bila kupasuka, na hutobolewa kwa kekee ya kawaida. Roboti yangu ya pili na ya tatu zilivaa ubao wa aina hiyo. Kila baada ya pambano niliukuta na mikato mirefu ambayo kidole kiliweza kuingia, lakini mota ndani zilikuwa salama.

Mtakapoanza kujaribu, fanyeni mazoea matatu ambayo hukaguliwa kabla roboti haijaruhusiwa kuingia ulingoni. Silaha iwe na pini ya kuizuia isizunguke wakati wote ikiwa nje ya sanduku. Umeme ukatike kwa kuchomoa kiungo kimoja kilicho mahali pa wazi. Na rimoti ikizimwa ghafla, magurudumu na silaha visimame vyenyewe bila kuambiwa. Hilo la tatu lijaribiwe kila Jumamosi kabla ya jambo jingine lolote, tena mrekodi jaribio hilo, kwa sababu dakika hiyo moja ya video itamwambia mteuzi mambo mengi juu yenu. Betri zichajiwe nje ya jengo, juu ya ndoo ya mchanga, na awepo mtu anayezitazama.

Mhunzi wa Kamukunji alijibu:

Springi msinunue. Ninacho kipande cha springi cha mabamba mawili kilichobaki kutoka kwenye kazi ya lori, nimekipaka chaki leo asubuhi na hakina ufa. Njooni na mchoro wa bapa lenye kipimo cha roboti ndogo, umeandikwa unene na matundu, mje siku ya kazi kabla ya saa nne, kabla moto wangu haujachukuliwa na wateja wa majembe.

Mwanagenzi wa Umoja alijibu:

Ahsante sana, Mzee. Tutafika Alhamisi saa mbili asubuhi, mimi na mchomeleaji wetu, na mchoro utakuwa umeandikwa kwa milimita. Ameniomba nikuulize kama utamruhusu ashike koleo wakati wa kuzimisha katika oili.